Rudi Beit

Watangazaji wa besiboli mimi huwazima. Naegemeza simu kwenye kopo la sukari, naweka tarumbeta za jazi masikioni, na vyombo vya jikoni kwa waajiri wangu hapa Al-Hamra, ughaibuni, ni kama vinajiosha vyenyewe.

Mchezo alinifundisha baba, bosi wangu, kwa Kiarabu: mkimbiaji akizunguka vituo vyote akarudi alipoanzia, yaani beit, nyumbani, timu imepata pointi.

Juzi mkimbiaji wangu alikuwa kituo cha mwisho, mpira umepigwa mbali. Nikagonga sinki kwa mwiko. "Beit! Yalla, beit! Halas!" Yaani nyumbani, haya, nyumbani, basi! Kwa tarumbeta zile, sikusikia nilivyopaza sauti.

Nilipogeuka, madam alikuwa mlangoni analia, pasipoti yangu mkononi. Nyuma yake baba alikuwa kwenye simu, anatafuta tiketi ya Nairobi.

Nikachomoa tarumbeta masikioni.

"Rosi, tumekukosea nini?" madam akauliza. "Kama unataka kwenda kwenu, si ungesema taratibu?"

Kazi hii naipenda, na hapo ilikuwa inaniponyoka. Nikaelekeza mwiko wenye povu kwenye kopo la sukari.

Baba akainama, akatazama mechi kwenye kioo cha simu yangu.

"Amefika?"

"Amefika, baba."