Mkanda wa Mzee Mustapha

Bashiru alikuwa na sheria moja katika kazi yake, na kwa miaka kumi na miwili hakuivunja: mkanda wa mteja haufutwi mpaka mteja mwenyewe aione nakala yake, nyumbani kwake, kwenye deki yake. Si dukani. Dukani kila diski inacheza, alikuwa akisema, kama vile kila mgonjwa anavyojisikia nafuu mbele ya mganga.

Basi akipiga video ya harusi Litapunga au Kabungu, alichoma diski, akaitia mfukoni, akapanda pikipiki na kurudi huko huko. Hapo alikaa kwenye kigoda cha wenyewe, jenereta likiunguruma nje na kuku wakipita katikati ya miguu, akatazama harusi nzima toka kufungwa kwa ndoa mpaka sahani ya mwisho ya pilau. Diski ikikwama aliondoka nayo, akachoma nyingine, akarudi. Ndipo mkanda ulipofutwa ukatumika tena. Wenzake wa sokoni Mpanda walimcheka. "Wewe ni mpiga picha au ni shahidi wa nikahi?" walimuuliza. Lakini wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, watu wasiomwamini mtu wa mjini kirahisi, walimwita yeye na hawakumwita mwingine.

Mkanda mmoja katika kabati lake haukuwa wa mteja. Ulikuwa wa baba yake, Mzee Mustapha, na ulikuwa na radhi ndani yake.

Bashiru alikuwa na dada mmoja tu, Mwanaiddi. Miaka tisa nyuma dada huyo aliondoka nyumbani bila kuaga, akaolewa Kasulu na dereva wa lori aliyeitwa Zefania, mtu wa kanisani. Aliyempelekea mzee habari hiyo alikuwa Bashiru, na hakuipeleka tupu. Alisema Mwanaiddi amemcheka baba yake mbele ya watu, kwamba amesema, "Mzee atakufa na hasira zake, mimi nina maisha yangu." Mwanaiddi hakusema hivyo. Bashiru aliyatunga maneno hayo kwa uchungu wa kuachiwa wazazi peke yake, na mzee alipomwambia aape, aliapa. Siku hiyo Mzee Mustapha alisema hana radhi na binti yake, na Mwanaiddi akasikia huko Kasulu kwamba kuna aliyempelekea mzee maneno, asijue ni nani.

Mtoto asiye na radhi ya mzazi hatembei kama wengine. Mwanaiddi aliharibikiwa mimba mbili huko Kasulu, na kila mara hakuuliza daktari sababu. Aliijua, au alidhani anaijua.

Mzee alipozidiwa na maradhi alimwita mwanawe. "Lete kamera yako."

"Baba, si nimpigie simu tu uongee naye?"

"Radhi inatolewa kwenye simu, kama salamu? Nataka anione uso. Lete kamera, nivalishe kofia, kisha funga mlango."

Walikuwa wawili tu chumbani. Mzee aliongea dakika tisa, mwanga wa dirishani ukimwangukia shavuni. Alimwita Mwanaiddi kwa jina la utotoni. Alimsamehe, akamwomba naye amsamehe. Kisha, mkanda ukiendelea kuzunguka, alipandisha macho juu ya kamera akamtazama aliyeishika. "Na yule aliyeniletea maneno yako, najua aliongeza. Nimejua siku nyingi. Naye nimemsamehe. Muulize mwenyewe, atakwambia."

Bashiru alizima kamera, akamlaza baba yake. Baada ya siku kumi na sita walimzika.

Mwanaiddi hakuweza kuja mazishini. Alikuwa na mimba ya tatu, miezi saba, na daktari alikuwa amemkataza safari. Alipiga simu. "Kaka, ni kweli baba ameniachia maneno?"

"Kweli. Yako kwenye mkanda."

"Usinisimulie. Nitakuja niyasikie kwa masikio yangu, nikishajifungua nikapata nguvu. Nitunzie."

"Nitakutunzia."

Angeweza kuchoma diski ya kawaida siku hiyo hiyo, akampa dereva wa basi la Kigoma. Ilikuwa kazi ya saa moja. Hakuichoma. Kila akiushika mkanda ule aliyakumbuka macho ya mzee juu ya kamera, akaurudisha kabatini na kujiambia kwamba anangoja aifanye kazi yenyewe vizuri. Uongo anaojiambia mtu mwenyewe hauna wa kuukanusha, ndiyo maana hudumu.

Ni katika wiki hizo Feisal, muuza vyombo vya umeme mtaa wa pili, alimwita dukani kwake na kumwonyesha deki nyeusi inayong'aa kama kiatu kipya.

"Hii inaitwa blurei. Inarekodi, inacheza. DVD imekufa, Bashiru, nyie ndiyo mnaizika polepole."

"Mbona diski ni ile ile?"

"Kwa macho tu. Tazama." Akaiwasha. Samaki waliogelea kwenye luninga, magamba yao yakahesabika moja moja. "Unaona? Mtu akipigwa video na hii, hata kipele kinaonekana."

"Bibi harusi gani anataka kipele kionekane?"

Feisal alicheka mpaka akashika meza. "Basi kaa hivyo hivyo. Vijana wanarekodi kwa simu, wanawekeana kwenye flashi bure. Wewe utabaki na nini? Mjini hapa hakuna mwenye hii. Atakayeanza ndiye mwenye jina."

Neno lile la jina lilimkaa Bashiru kichwani. Wiki nzima hakuamua. Mkewe Zuleha alikuwa akikuna nazi uani alipomweleza.

"Na hao wateja wako wana deki gani majumbani?"

"Watanunua, Mama Iman. Kila kitu huanza hivyo."

"Nani atanunua? Mzee Maduhu wa Kabungu? Yule mpaka leo anawasha luninga kwa betri ya trekta."

"Wewe unaongea kama mtu wa kaseti."

"Mimi naongea kama mtu anayekula kwa kazi yako. Nunua, lakini usiuze deki zako za zamani."

Aliziuza zote mbili ili aipate ile mpya.

Deki ilipofika, alihitaji picha nzuri ya kuwavuta wapita njia. Alipekua kabati, na katika mikanda yote hakuna uliokuwa na mwanga mzuri kuliko ule wa baba yake. Aliuhamishia kwenye diski mpya. Uso wa mzee ulitokea kwenye luninga, kila mvi mahali pake, na Bashiru alilia, kisha akaita jirani aje aone ubora. Vyote viwili alivifanya ndani ya dakika moja.

Diski za namna ile, ukishamaliza kurekodi, lazima uiamuru deki iifunge. Isipofungwa, hakuna deki nyingine inayoweza kuisoma ila ile ile iliyoichoma. Bashiru alilijua hilo. Aliiacha wazi makusudi, kwa kuwa alitaka kuongeza viboko wa mbugani Katavi, wale wanaobanana kwenye tope wakati wa kiangazi.

Zuleha aliposikia aliweka mikono kiunoni. "Utaweka radhi ya baba mkwe dukani, pamoja na viboko?"

"Sura tu. Sauti nitaizima."

"Na wifi yangu je?"

"Naye atapata yake. Tena yenye ubora."

Siku nne baadaye Mzee Maduhu alituma mtu: anamwoza binti yake wa mwisho Jumamosi, Bashiru afike na kamera. Bashiru alitafuta mkanda mtupu mji mzima akaukosa, maana wenye maduka walikwisha kuacha kuleta mikanda. Alifungua kabati. Mikanda mingine yote ilikuwa ya wateja ambao hawajaona nakala zao, na hiyo hakuigusa. Sheria ilikuwa sheria. Uliobaki ni wa baba yake. Alijiuliza, mteja wa mkanda huu ni nani? Akajijibu: ni mimi. Na mimi nimeiona nakala, nyumbani kwangu, kwenye deki yangu.

Hivyo ndivyo mtu mwadilifu anavyotenda kosa. Hairuki sheria, hukaa chini akaisoma upya mpaka imruhusu. Mteja wa mkanda ule alikuwa Kasulu, ananyonyesha.

Jumamosi ile, Kabungu, ngoma ililia juu ya sauti ya Mzee Mustapha mpaka ikaifuta yote.

Hata kabla hajapata nafasi ya kwenda kwenye viboko, umeme ulikatika mchana na kurudi kwa nguvu mno. Taa mbili zilipasuka na deki ikatoa moshi. Fundi aliifungua, akainusa, akaifunga. Feisal alisema aliileta moja tu. "Kwani hukuifunga diski?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Bashiru aliituma diski Dar es Salaam kwa mafundi wawili. Wote waliirudisha na jibu moja: haisomeki, isipokuwa kwenye deki iliyoichoma.

Mwanaiddi alifika mtoto wake akiwa na miezi mitano. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kuposwa. Alimkabidhi Zuleha mtoto, akaketi kwenye mkeka mbele ya luninga, akajifunika kanga kichwani kwa heshima ya baba yake.

"Haya, kaka. Washa."

Bashiru alibaki amesimama. Alimweleza deki, umeme, mafundi wa Dar. Alimweleza mkanda na harusi ya Maduhu. Kila alichosema kilikuwa kweli.

"Umerekodi ngoma juu ya baba," Mwanaiddi alisema taratibu, kama anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

"Nilidhani diski inatosha."

"Basi niambie alisema nini."

Alimwambia: jina la utotoni, msamaha, ombi la kusamehewa. Hapo akaishia. Mwanaiddi alimtazama sana.

"Na juu ya aliyempelekea maneno, hakusema kitu?"

Zuleha aliacha kumbembeleza mtoto.

"Alisema," Bashiru alijibu. "Alisema anajua niliongeza. Ni mimi, dada. Hukusema yale. Niliyatunga."

Mwanaiddi aliishusha kanga kichwani, akaikunja mara mbili.

"Kumbe mkanda ulikuwa na jina lako ndani."

"Sikuufuta kwa ajili hiyo! Wallahi, dada, sikuufuta kwa ajili hiyo. Niletee msahafu niushike."

"Siku ile ulipompelekea maneno, baba hakukuapisha?"

"Niliapa."

"Basi nikuamini kwa kipi? Labda alinisamehe. Labda alinilaani mpaka pumzi ya mwisho, na wewe unanihurumia kwa kuwa nimebeba mtoto. Labda hakusema lolote. Aliyekuwepo ni wewe peke yako, na wewe ndiye uliyenichomea nyumba."

"Wifi, lala hata leo tu," Zuleha aliomba.

"Hapana, wifi. Nipe mwanangu."

Bashiru alimfuata mpaka stendi akiwa amembebea begi, akimweleza tena mambo yale yale. Mwanaiddi alipanda basi, akampokonya begi mlangoni, akakaa dirisha la upande wa pili.

Kosa hilo liligharimu hivi: Mwanaiddi yuko Kasulu, na mpaka leo hajui kama baba yake alimsamehe. Aliyesikia msamaha huo ni mmoja tu, na neno lake halina thamani kwa dada yake. Hapokei simu zake. Bashiru alikuwa na dada mmoja, sasa hana.