Kibuyu Nilichokiosha

Mbwa huyu hakuwa wangu. Tuelewane hapo kwanza. Alikuwa wa mke wangu, na jina alilonalo alipewa na mke wangu, na mpaka leo nikimwita kwa jina hilo ananitazama tu kama mtu aliyesikia redio ya jirani. Nikisema "We!" anakuja, polepole, ili nijue kwamba amekuja kwa hiari yake. Basi tunaishi hivyo, mimi na yeye, kwenye kiwanja nje kidogo ya Kolwezi, upande wa barabara ya Mutshatsha. Tuna nyumba ya matofali ya kuchoma, mpera mmoja, kuku saba, na shamba la mke wangu nyuma ya nyumba.

Nasema la mke wangu kwa sababu ndivyo lilivyo. Mimi nilikuwa mtu wa reli. Miaka mingi ya ndoa yetu nililala Mutshatsha zaidi kuliko nilivyolala nyumbani, na hata nikiwa nyumbani nilikuwa mgeni wa heshima: nakaa kwenye kiti, naletewa. Muhogo ulitoka mahali, viazi vitamu vilitoka mahali, na karanga, na mboga ya lengalenga, na mahindi. Vyote vilinifikia vikiwa vimeiva, nami nilinawa mikono nikala bukari yangu, ugali wa huku. Hata jembe sikujua linawekwa wapi. Naandika haya kwa aibu, lakini nayaandika.

Alikufa mwezi wa tano, mahindi yakiwa yamekauka shambani yanangoja kuvunwa. Baada ya matanga watoto wetu wawili, binti anayekaa Fungurume na mwanangu wa kiume aliye Lubumbashi, walinikalisha chini. Walitaka nihamie kwa mmoja wao. Nikawauliza, kuku watalishwa na nani? Mwanangu akasema, "Papa, kuku tutabauzisha." Nikapandwa na hasira, nikawaambia wauze kwanza nguo zao. Wakaondoka. Ukweli ni kwamba kuku wale sikuwa nawajua hata kwa rangi. Niliogopa tu kuondoka mahali pekee ambapo bado palikuwa na harufu yake.

Mwaka huo nilijifunza kulima, mzee mzima. Aliyenifundisha ni mama jirani, mjane kama mimi, mtu wa Kapanga, upande wa Musumba, ambaye alisimama kwenye ua na kunicheka bila huruma. "Tata, ile si majani, ile ni karanga! Unaing'oa juu ya nini?" Nilipalilia vibaya, nilipanda viazi karibu karibu mno, mgongo ukaniuma mpaka nikatembea kama mtu anayetafuta sindano. Lakini nilipochimba kiazi cha kwanza, chekundu, kikubwa kama mguu wa mtoto, nilikishika mkononi nikageuka nyuma kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu. Mbwa alikuwa amelala karibu na kinu cha mke wangu, pale pale alipolala tangu siku ya mazishi.

Hakuna aliyenieleza jambo hili kuhusu furaha ndogo ndogo: zinataka wawili. Mahindi mabichi yakachomwa kwenye jiko la mbabula, makaa yakapasuka, harufu ikajaa uani, nami nikala hindi moja nikashindwa la pili. Chakula kitamu ukiwa peke yako unakimaliza haraka, halafu jioni inabaki ndefu mbele yako. Nilikuwa nakaa mlangoni natazama vumbi la malori ya madini likitua juu ya majani ya sombe, kisamvu chetu. Nikihesabu maneno niliyosema siku nzima, mengi yalikuwa ya kumgombeza kuku.

Watoto walipiga simu. Sitawasingizia, walipiga. Lakini Noeli hawakuja, sababu barabara. Pasaka hawakuja, sababu kazi. Simu zenyewe zilikuwa fupi. Uko muzuri, papa? Niko muzuri. Unakula? Nakula. Halafu kimya, na katika kimya kile kila mmoja wetu alimtafuta mama yao, kwa sababu ndiye aliyekuwa anajua la kusema baada ya hapo.

Mwaka ulipokaribia kutimia, binti yangu akapiga simu. Safari hii sauti yake ilikuwa na uhai. "Papa, tutakuya wote ku misa ya mama. Mi na ndugu yangu. Na kitu kimoja tu njo tunaomba: munkoyo. Ile ya mama. Minailota, papa."

"Mutaikuta," nikamwambia.

Munkoyo ya mke wangu, acha nieleze. Kila mama huku anatengeneza: uji mwepesi wa mahindi, ukipoa unatiwa mizizi ya munkoyo iliyotwangwa, uji unalegea, unakuwa maji matamu, unachujwa, unalazwa ndani ya kibuyu mpaka uchachuke kidogo. Hailevi, inaburudisha. Watoto wanakunywa mpaka tumbo linakuwa ngoma. Lakini ya mke wangu ilikuwa na kitu, uchachu fulani uliokuja mwishoni ukakubana nyuma ya ulimi, halafu ukataka tena. Majirani walituma watoto wao na vikombe. Na kila ilipofika mwisho wa kibuyu, masimbi yaliyobaki chini, mke wangu aliyamwaga kwenye sahani ya bati ya mbwa. Mbwa alikuwa akisikia tu bati likigongwa, anaacha hata mfupa.

Nilijua jambo moja, na nitalisema wazi. Wanangu hawakuwa na sababu nyingine ya kuja. Mimi si sababu. Baba ambaye hakuwepo hawezi ghafla kuwa sababu kwa vile amezeeka. Ila munkoyo ya mama yao ingeweza kuwa sababu, mwaka huu na mwaka mwingine, na mimi ningekuwa nimekaa pembeni yake, kwenye kiti changu, nao wangenikuta hapo.

Basi nikaanza kusafisha. Nilifagia uwanja, nikapaka nyumba chokaa mpaka mahali mkono ulipofika. Kisha nikaingia kwenye jiko la nje, nikakishusha kibuyu kilichokuwa kimening'inia karibu na paa. Mamawe! Shingo nyeusi ya moshi, na ndani utando mweupe umeganda, harufu ya uchachu imekuja mpaka machoni. Nikasema, haiwezekani, mama ya watoto hapewi heshima kwa chombo kichafu namna hii. Nikakisuuza kwanza kwa maji baridi, nikayamwaga chini. Mbwa akaja mbio akayalamba pale kwenye udongo, mimi nikamfukuza. Ndipo nikatia maji ya moto na sabuni ya unga. Nikatia mchanga, nikatikisa, nikarudia. Nikakianika juani siku tatu. Kikang'aa! Nilikipenda. Kwa mara ya kwanza tangu afe nilihisi nimemfanyia kitu.

Mizizi ilikuwepo, alikuwa ameichimba mwenyewe porini na kuifunga mafungu mawili juu ya moshi. Nikatumia fungu moja. Kupika nilikuwa nimekuona kwa macho kutoka kwenye kiti changu, miaka na miaka, na hatua zote nilizifuata. Asubuhi yake nikaonja. Ni tamu, lakini imelala. Siku ya pili imelala vile vile. Siku ya tatu ikanuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Zilikuwa zimebaki siku sita watoto wafike.

Nikamwita mama jirani. Aliingia jikoni, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema nje. Kisha akainua kibuyu, akaweka pua kwenye mdomo wa chombo, akanusa kwa muda mrefu.

"Tata. Hii kibuyu, uliiosha?"

"Niliiosha sana."

"Na nini?"

"Na sabuni, mama. Na maji ya moto."

Akaanza kucheka, kama kawaida yake, akapiga makofi, halafu akaniona uso. Kicheko kikamfia mdomoni. Akakaa juu ya kinu, akanieleza taratibu kama anayemwambia mtu habari ya msiba. "Kibuyu ya munkoyo habaioshake na sabuni, tata. Maji ya baridi tu, basi. Ile mweupe uliona mu ndani, ile njo munkoyo yenyewe. Ya leo inazaliwa na ya jana, ya jana inazaliwa na ya juzi. Bibi yako, kibuyu alipewa na nani?"

Alipewa na mama yake siku ya harusi. Nilijua, kwa sababu nilikibeba mimi. Tulisafiri kwa treni, siku nzima, naye akakataa kukiweka chini, akaniwekea magotini na kuniambia nikishike wima. Nililalamika njia nzima. Nilimwuliza, kwa nini tunahangaika na kibuyu kitupu? Akacheka tu, akageuza uso dirishani. Na mimi, bwana mkubwa wa reli, sikumwuliza tena, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka anaingia kaburini.

"Mke wangu hakukugawia hata kidogo?" nikamwuliza mama jirani. "Hata siku moja?"

"Apana, tata. Mi niko na yangu ya kwetu. Kila mama na yake." Akafikiri. "Binti yako je?"

Binti yangu, siku anaolewa, mama yake alimtengea kibuyu kidogo. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyecheka kuliko wote binti aliposema, "Mama, kule niko na frigo!" Mke wangu akakirudisha ndani. Kibuyu kile kidogo tulikuja kukifanya kata ya kuchotea maji.

Nikaenda nikakaa nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya viazi, nikalia kama ambavyo sikulia siku ya mazishi. Siku ile nilikuwa na watu wa kuwapokea, viti vya kupanga. Sasa nilikuwa na kibuyu safi. Nilikuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu, kwa sabuni, huku napiga mluzi.

Mama jirani alirudi kesho yake na kikombe cha munkoyo yake, iliyokaa siku nyingi, kali. "Tia hii. Itashika. Lakini haitakuwa ya yeye, nisikudanganye." Nikatwanga fungu la mwisho la mizizi, nikapika, nikatia. Ikashika. Ilikuwa munkoyo nzuri, siwezi kuisema vibaya, mtu yeyote angeinywa na kushukuru. Ilikuwa ya Kapanga.

Walikuja Jumamosi, na misa ikasomwa Jumapili asubuhi. Baadaye tukala uwanjani chini ya mpera: bukari, jogoo mmoja, sombe yenye karanga nilizolima mwenyewe. Binti yangu alipoambiwa karanga ni zangu alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anasoma gazeti. Tulicheka. Sijui mara ya mwisho tulicheka sisi watatu ilikuwa lini, au kama iliwahi kuwepo. Kisha akasema, "Papa, na ile kitu yetu?"

Nikaleta kibuyu. Nikamimina haraka mno, nikamwaga kidogo mezani. Mama jirani, ambaye nilimwalika, akainamia sahani yake na kuanza kutafuta mfupa ndani ya sombe.

Mwanangu alikunywa kikombe kizima bila kupumua. Akafumba macho. "Njo yenyewe," akasema. "Papa, njo ya mama kabisa!" Dada yake alikunywa polepole, machozi yakamtoka, akanishika mkono, yeye ambaye tangu utoto alinisalimia kwa mbali. "Aksanti, papa. Nilifikiri hatutainywa tena."

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, na nikaufunga mdomo.

Waliondoka saa tisa na vidumu viwili vimejaa. Mwanangu akatoa kichwa dirishani: "Kila mwaka, papa! Kila mwaka tutakuya!" Nikapunga mkono mpaka vumbi likawameza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Watakuja. Na nilisimama pale barabarani nimefurahi na nimeumia, sijui kipi zaidi, kwa sababu mwaka mmoja tu ulikuwa umetosha. Watoto wake wa kuzaa walikuwa wamemsahau ulimini, na hawakujua kwamba wamesahau.

Nikarudi uwanjani. Ndani ya kibuyu yalibaki masimbi. Nikachukua sahani ya bati, nikaigonga ukutani kama alivyokuwa akifanya yeye. Mbwa aliinuka kutoka kwenye kinu, akaja mbio, mara ya kwanza kwa mwaka mzima namwona akikimbia, mkia unapiga mbavu. Nikamimina. Akashusha pua.

Akanusa. Akanusa upande wa pili. Kisha akainua kichwa akanitazama mimi, kwa muda, akageuka, akarudi kulala karibu na kinu. Hakugusa hata tone.

Nikamfuata. Magoti hayataki tena mambo ya kukaa chini, lakini nikakaa, mgongo kwenye kinu, yeye upande ule na mimi upande huu. Nikamwekea mkono kichwani, naye akauacha.

"Tumebakia babili tu, we na mi," nikamwambia. "Usinikufie, unasikia?"