Betri Aliyoikalia Mama Mkwe

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Masasi, na wiki iliyopita nilimpeleka mama mkwe Newala kwa pikapu yangu. Asubuhi ile nilikuwa nimehamisha betri kutoka kwenye joto la injini na kuiweka chini ya kiti cha abiria. Waya wa hasi niliufunga kwa bolti kwenye chasisi niliyoipaka rangi mpya, nikajisifu sana.

Njia panda ya Chidya nilizima gari ninunue maji. Kuwasha, kimya. Taa hakuna, honi hakuna. Fundi yeyote angeanza na betri. Lakini betri ameikalia mama mkwe, na kwetu huwezi kumwambia mama wa mkeo ainuke.

Nikafungua boneti. Nikasafisha fyuzi moja moja, nikavutavuta waya, nikaguna kitaalamu. Saa nzima. Ndipo nikaikumbuka rangi: bolti ilikuwa imekaa juu yake, mtikisiko wa barabara ukailegeza, na umeme haupiti kwenye rangi. Nikaingia uvunguni, nikaikwangua kwa kisu, nikakaza bolti. Redio, ambayo sikuwa nimeizima, ikaanza kuimba.

Nilitoka nimejaa vumbi na ushindi. Waendesha bodaboda wakanipigia makofi.

“Mama,” nikasema kwa sauti wote wasikie, “tatizo lilikuwa kule mbele kwenye injini. Linataka utaalamu.”

Mama mkwe akajifunga kanga vizuri.

“Hongera, Baba Zuhura. Lakini asubuhi nilikuona ukiiweka betri hapa. Ungeniomba tu, ningeinuka.”