Uzi Mwekundu Mdomoni mwa Mbwa

Mama yangu aliishi na mbwa wetu miaka sita bila kumgusa hata siku moja. Sisi ni Waislamu wa Koboko, wajukuu wa askari wa kikoloni, na kwetu mate ya mbwa ni najisi: yakikupata, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Marehemu baba ndiye aliyemleta alinde mbuzi. Chakula chake mama alikisukuma kwa mpini wa ufagio. "Kula," alimwambia, "halafu kaa mbali na mimi."

Mchana huo mama alikuwa anatarizi shuka barazani. Akaenda kuswali adhuhuri, akaiacha mkekani na sindano yenye uzi mwekundu. Mimi, mjinga wa mwisho, nilikuwa nimetoka kula nyama, na kwa vidole vya mafuta nikauchezea ule uzi, kisha nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, mbwa alikuwa anakohoa kichwa chini, na uzi mwekundu wa urefu wa kiganja ulining'inia mdomoni. Sindano sikuiona popote.

Nikauvuta. Mungu anisamehe, nilidhani utatoka tu. Mbwa alilia kilio ambacho sijakisikia tena, mate yake yakageuka damu. Mama akatoka mbio. "Wacha! Wacha hiyo uzi! Wewe naua yeye!"

Nilipiga simu, nikakosea namba mara mbili. Daktari wa mifugo wa Arua alipopokea, nilimwambia nimeshakoroga maji ya chumvi ili mbwa atapike.

"Mwaga hiyo maji!" alifoka. "Sindano ikirudi juu itachoma yeye njia yote. Usivute uzi, usikate, usipatie yeye kitu ya kula. Leta yeye sasa hivi."

Jirani mwenye gari alikubali, mradi mtu amshike mbwa vizuri. Nilipomkaribia, alinionyesha meno. Alijua nani kamuumiza. Mama akanitazama, akamtazama mbwa, akasema, "Bismillahi," akaketi kiti cha nyuma na kumpakata.

Barabara ya Arua ni lami, lakini ina matuta. Niliogopa kugeuka nyuma, na nikiacha kugeuka niliogopa zaidi. Mama alikuwa amemshika taya, mate na damu vikimtiririkia gauni. Pumzi za mbwa zilikwama, zikaja, zikakwama.

"Vitu ya baba yako yote imekwisha," alisema mama taratibu. "Imebaki huyu tu."

Nilitaka kumwambia kosa ni langu.

Daktari alimchoma dawa ya usingizi, akaikuta sindano imejichomeka chini ya ulimi. Aliitoa, akaninyooshea. "Ungevuta tena, ingepasua ulimi." Nikakaa sakafuni.

Jioni, uani kwetu, nilimmiminia mama maji. Alinawa mara saba, moja kwa udongo, akihesabu kwa sauti. Alipomaliza, nikamwambia ukweli kuhusu vidole vyangu. Alijikung'uta maji mkononi. Mbwa alikuja akiyumba bado kwa dawa, akamlamba ule mkono uliotoka kutakata.

Mama hakuuondoa mkono.

"Leta maji ingine," akasema. "Lakini usifanye haraka."