Uma wa Baiskeli ya Bashiru

Palikuwa na mwanamke hapa Songea aliyekataa kuuza baiskeli ya mumewe aliyekufa.

Alikataa kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa amekufa.

Sogeeni niwape kisa hiki kama kilivyotufikia sisi wa Mshangano.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, miaka michache baada ya Maji Maji. Egidi, mtu wa kwetu, alitoka vitani na risasi ya nyonga. Mguu wa kulia ukawa wa kuburuta tu. Padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya akamwachia baiskeli yake kuukuu.

Watu wakacheka. Kiwete na baiskeli wapi na wapi?

Jamaa akajifunza. Anakanyaga kwa mguu mmoja, mwingine unaning'inia. Kila wiki alimpelekea mama yake, Walburga, unga na chumvi kule Mpitimbi. Bi mkubwa alikuwa haoni, na watoto wake wengine wote njaa ya baada ya vita iliwamaliza. Alibaki na huyo mmoja.

Siku moja mteremkoni baiskeli ikavaa jiwe. Uma wa mbele, ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu, ukakatika.

Mhunzi aliugeuza, akaugeuza tena.

"Hili bomba, mlongo wangu. Ndani tupu. Nikiligonga nyundo linabonyea. Jembe nakufulia hata leo, hii siiwezi."

Mhindi wa dukani akasema uma mpya utaagizwa pwani. Bei aliyotaja, Egidi hakuuliza mara ya pili.

"Mjaribu Mwamvua," Mhindi akamwonea huruma. "Yule Myao nyuma ya soko. Ana baiskeli imetundikwa darini miaka yote, haina mpanda."

Akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa, mguu huo usiutese."

Egidi akaeleza shida yake. Mwamvua akatikisa kichwa.

"Baiskeli ni ya Bashiru, mume wangu. Alikwenda kununua nta vijijini, njia za msituni, akaiacha hapa. Vita ikamkuta huko. Akirudi aikute haina uma, nitamwambia nini?"

"Ni miaka mingi, mama."

"Najua. Wananiambia niolewe. Niolewe vipi, eda sijakaa? Nani ameuona mwili wake?"

Halafu akatabasamu, kama anayemwona mlangoni.

"Ungemjua ungempenda. Akicheka anaziba mdomo na kiganja. Ana pengo hapa mbele, analionea haya."



Egidi alimjua.

Walipokuwa wanawakimbia askari, alilala pangoni na Myao mmoja mwenye pengo. Waliitana ndugu tu. Nyakati zile watu waliogopa kutaja majina. Egidi hakuweza kusimama. Yule Myao ndiye aliyekuwa akitoka kuchimba mizizi, anampa yeye, mwenyewe anasema ameshakula huko huko.

Hakuwa amekula.

Alipokufa, Egidi alimfunika kwa mawe kwa mikono yake, yeye mwenyewe ameketi chini.

Sasa uone mtihani. Akisema, mjane hana tena sababu ya kuuzuia uma. Akinyamaza, mwanamke huyu atasubiri mpaka naye azikwe.

Akasema. Taratibu, yote.

Mwamvua hakulia.

"Umekuja kutafuta uma," akasema. "Umeona siutoi. Sasa umemuua mume wangu."

"Sikulaumu, mama."

 Kisha Mwamvua akanyoosha kidole darini. "Iteremshe basi, uchukue. Si ndicho ulichofuata?"

Egidi akainua macho darini. Uma ulikuwa mzima kabisa.

"Siuchukui. Nikiuchukua leo, kila ukilala utajiuliza kama nilikudanganya."

Akashika mkongojo wake, akatoka.

Mvua zilipoanza, ikaja habari kwamba Walburga yu taabani. Egidi akaondoka kwa mguu wake huo huo. Akalala njiani, akalala tena. Alipofika Mpitimbi, udongo wa kaburi ulikuwa mbichi.

"Alikuwa anaisikilizia baiskeli," jirani yao, Skolastika, akamwambia. "Kila kitu kikigonga nje, anasema huyo Egidi."

Mvua zikaisha. Siku moja Mwamvua akafika Mshangano, kitu kimefungwa kwenye kanga. Akakifungua. Ulikuwa uma.

"Eda nimemaliza," akasema. "Siku ile ungeuchukua, nisingekuamini mpaka kiama. Nilipokuona unauacha, nawe unaburuta mguu, ndipo nilipojua kweli Bashiru amekufa."

Egidi akautazama. "Mama yangu wameshamzika wengine, mimi sikuwahi. Sina tena pa kwenda nao."

Mwamvua akainama. 

"Basi nipeleke mimi alipolala mume wangu."

Mhunzi akaufunga ule uma. Wakaenda, Mwamvua amekaa nyuma, mpaka njia ilipoisha, wakamalizia kwa miguu. Pango walilikuta. Mawe yalikuwa yametawanyika, miti imeota katikati. Mfupa hata mmoja haukuonekana.

Mwamvua akasoma Fatiha. Egidi, Mkristo, akavua kofia. Kisha wakalia wote wawili, kila mtu na wake.

Hapa kwetu wapo wanaosema Egidi alikuwa mjinga, angeuchukua uma angemkuta mama yake hai. Pengine. Sijui ningefanya nini mimi.

Ninachojua, ukimpelekea mtu habari ya msiba, usitoke kwake na kitu. Atahitaji kuamini kuwa habari ile ni ya kweli, na kweli ina gharama, na mlipaji ni wewe uliyeileta.