Pumzi ya Ndizi Mbivu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msianze kunionea huruma kabla sijamaliza. Huruma ikija mapema, msimuliaji hupunguza maneno, na mimi sikukaa na kalamu ili nipunguze. Nilijifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, saa kumi jioni, mikono ikinuka utomvu wa ndizi. Mkiona sentensi zangu zimepinda, zisomeni hivyohivyo.

Tulikaa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko. Tulikuwa na vyumba viwili vya mbele na kimoja cha uani. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, Gerezani. Mimi nilikuwa navundika ndizi. Zilishuka sokoni mbichi, ngumu kama kuni. Nazileta nyumbani kwa mkokoteni, nazipanga chumba cha uani juu ya majani makavu ya mgomba, nachomeka ndizi mbivu mbili tatu katikati, nafunika kwa magunia, nafunga mlango. Siku ya nne nikifungua, joto linanipiga usoni na zote ni njano. Mama yangu kule kusini alifanya vivyo hivyo kwa shimo. Sababu yake hakuniambia, wala sikumwuliza. Ndizi zinaiva, basi.

Chumba hicho ndicho alicholala binti yangu. Alikuwa wa kike peke yake, na kaka zake wawili walikijaza kile chumba kingine. Kitanda chake cha kamba kilikuwa pembeni, karibu na dirisha dogo. Alikipenda. Alisema anaamka na harufu ya sikukuu.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili akaanza kukonda. Anakula kama mchukuzi na mifupa inatoka. Anakunywa maji, anakwenda chooni, anarudi kunywa maji. Halafu sisimizi wakaanza kujipanga mstari kuelekea chooni. Siku hizo sukari ilikuwa haionekani dukani, watu wanapanga foleni tangu alfajiri na wanarudi na vikapu vitupu. Mtoto akaniambia, "Mama, sisimizi wametushinda. Wao wameshajua sukari imeletwa wapi."

Nilicheka. Nataka mjue kwamba nilicheka.

Hospitalini daktari alisema ni ugonjwa wa sukari, ule unaowashika watoto. Mwili wake umekosa homoni fulani, na bila ile homoni sukari inabaki kwenye damu, haiendi inakotakiwa. Dawa ni sindano, asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake. Muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya ukali na mikono laini, alinifundisha kuchemsha bomba la kioo, kuvuta dawa, kuchoma pajani. Chupa niliiweka kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi isipate joto. Kila mwezi tulirudi kliniki. Pale muuguzi aliweka mkojo kwenye kichupa chembamba chenye maji ya bluu, akakipasha moto. Sukari ikiwa kidogo, yale maji yanakuwa kijani. Ikiwa nyingi, yanakuwa njano. Ikizidi, yanafika rangi ya tofali.

Kijani, njano. Mimi ni mtu wa ndizi. Rangi hizo mbili nilikuwa nazitazama kila siku ya Mungu.

Mwaka mzima ulikwenda vizuri. Mtoto akarudisha mashavu, akarudi shule. Alijichoma mwenyewe na kuwatisha kaka zake na lile bomba. Kliniki maji yalikuwa kijani mara nyingi, njano mara chache.

Hapo ndipo alipokuja msomi.

Alikuwa dada mdogo tu, mwenyeji wa Kilimanjaro, amevaa miwani na viatu vya kufunga kamba. Alinikuta sokoni nimekaa juu ya gunia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka mkungu au chane?"

"Nataka kujua unavyozivundika."

Jirani yangu wa nazi, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, akasema, "Haya mwenzangu, leo umepata mwanafunzi mwenye viatu."

Yule dada akanieleza. Alikuwa anachunguza mimea chuoni. Vijiji vinalima ndizi, zinapakiwa kwenye malori, lori likiharibika siku tatu njiani zinafika zimeoza. Alitaka kujua kinachoziivisha, ili ajue namna ya kukichelewesha. Wasomi wenzake waliyasoma mambo hayo vitabuni, lakini yeye alitaka kwanza kuwauliza wanaoifanya kazi yenyewe. Nikampenda kwa hilo. Nikampeleka nyumbani.

Alikuja Alhamisi nne au tano. Alipima joto la chumba, aliandika, aliniuliza maswali ambayo sikujua kama ni maswali. Kwa nini tatu na si kumi? Kwa nini gunia na si turubai? Nilimjibu yote. Akaanza kuniita mwalimu. "Mwalimu, leo tunafungua?" Mimi, mke wa fundi, niliyeanza kusoma a-e-i-o-u nikiwa na watoto watatu. Mtaa mzima ulisikia.

Siku moja akakata ndizi mbichi, akadondoshea ile dawa ya kahawia wanayopaka kwenye vidonda. Ndizi ikageuka nyeusi kama wino. Akakata mbivu, akadondoshea, haikugeuka. "Unaona, mwalimu? Ile mbichi ni wanga mtupu. Hii nyingine wanga wake umekuwa sukari. Na anayeuambia wanga ugeuke ni hizi ndizi mbivu unazochomeka. Zinatoa hewa, kama pumzi. Huioni. Ile hewa ni homoni ya mmea. Zile mbichi zikiivuta, nazo zinaanza kutengeneza sukari. Ndiyo maana unafunga mlango."

Binti yangu alikuwa shule. Kitanda chake kilikuwa palepale pembeni, kimetandikwa khanga. Yule dada hakukitazama, hakuwa na sababu. Nilikitazama mimi.

Nilimpa chane moja ya kwenda nayo, nikamsindikiza hadi mlangoni. Nikarudi nikakaa juu ya kile kitanda, nikavuta pumzi. Utamu ulikuwa mpaka kooni. Nikapanga mambo kama ninavyopanga mikungu, moja juu ya jingine. Pumzi inageuza kilichomo ndani kuwa sukari. Chumba kimefungwa. Mtoto amelala humo tangu anaacha ziwa. Damu yake imejaa sukari. Hata kwenye kile kichupa cha muuguzi, ni kijani kinachokwenda njano. Nikasema moyoni, nimemvundika mwanangu.

Ninyi mliosoma mtaona upuuzi mara moja. Mimi sikuuona. Niliona nimegundua kitu ambacho daktari hakukijua, kwa sababu daktari hajawahi kuingia chumbani kwangu.

Nilihamisha kitanda siku ileile, nikakiweka ukumbini. Mume wangu aliporudi kazini akauliza kuna nini, nikamweleza.

"Daktari umemwuliza?"

"Daktari anajua ndizi?"

"Basi mwulize yule msomi wako. Alhamisi anakuja."

Nitawaambia kwa nini sikumwuliza, na ndiyo sababu ya kuandika kwangu. Yule dada aliniita mwalimu. Alhamisi zile zilikuwa zamu yangu ya kujua. Niliona nikimwuliza swali kama lile, tena kuhusu mwanangu mwenyewe, ataanza kuniona kama walivyoniona wengine wote. Alhamisi akaja, tukazungumza habari ya magunia, akaondoka. Akasema anakwenda Morogoro kwenye mashamba, atarudi baada ya masika.

Kliniki mwezi ule maji yalikuwa njano. Huenda mtoto alikula kitu shuleni, huenda chupa ilipata joto, sijui. Mimi niliona nyumba nzima imejaa ile pumzi, na kumtoa chumbani hakutoshi. Wakati huohuo kaka yangu alikuwa amekuja kutoka kusini kutafuta kifaa cha trekta la kijiji chao, na alikuwa anarudi. Nikaamua binti aende naye, akakae na mama yangu, ambaye alikuwa ameshaacha kuvundika ndizi siku nyingi, hewa imtoke.

Mtoto alinisikiliza amekunja mikono. "Huko nani atanichoma nikiugua, nikishindwa mwenyewe?"

"Bibi yako."

"Bibi hata uzi kwenye tundu la sindano hauoni, mama."

"Mjomba wako yupo."

"Mjomba anaogopa sindano kuliko kaka." Halafu akasema polepole, "Mimi siumwi na ndizi. Mbona wewe unaingia humo na huumwi?"

Nilimkemea. Nilimwambia mtoto hamfundishi mama yake. Hilo ndilo jibu nililompa.

Nikampa kaka yangu chupa za mwezi mmoja na bomba ndani ya kijaluba, na barua kwa mama yangu, atakayesomewa. Barua hiyo ilikuwa ya kwanza kuiandika maishani mwangu, na nilijivunia mwandiko wake. Nilieleza habari ya pumzi ya ndizi, kisha nikaandika: Siku kumi za mwanzo mchome kama kawaida. Baada ya hapo nusu. Dawa ikiisha msihangaike, atakuwa ameshasafika.

Asubuhi ya safari alivaa gauni la shule kwa sababu ndilo zuri alilokuwa nalo. Kwenye dirisha la basi la Lindi akaniambia, "Mama, nikirudi nitakuwa nimebichika tena." Watu wa kiti cha nyuma wakacheka. Yeye hakucheka sana.

Masika yakaja. Mto Rufiji ukafurika, kivuko kikasimama, barabara ikakatika. Kila mwaka inakatika, nilijua, nilizaliwa nayo. Kliniki muuguzi aliniuliza mgonjwa wangu yuko wapi. Nikasema amesafiri kidogo. Akanitazama. "Dawa anayo?" Nikasema anayo. Nilimdanganya mtu aliyenifundisha kumchoma mwanangu.

Siku moja kabla ya adhuhuri nilikuwa nafunika ndizi. Nikamwona mume wangu anaingia uani na nguo za kazi, grisi mpaka viwikoni. Mtu wa karakana harudi saa hizo. Mkononi ana karatasi ya simu ya maandishi. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kusoma, nilinyoosha mkono. Alikataa kunipa. Akasema, "Wameshamzika."

Sikulia siku ile. Nilimaliza kufunika. Msinihukumu kwa hilo, au nihukumuni, yote sawa. Mikono ilikuwa inajua kazi, kichwa hakikuwa na kazi.

Njia ilipofunguka kaka yangu akaja. Akaeleza. Nusu dozi ilipoanza, kiu ilirudi. Mtoto aliomba dozi yake kamili, mama yangu, aliyezishika zile chupa, akamwambia mama yako ameandika nusu. Wakasoma barua tena kuhakikisha. Ilikuwa imeandikwa vizuri, haina utata. Mwishoni alitapika, akapumua kwa haraka kama anayekimbia, kinywa kinanuka kama matunda. Mama yangu alisikia ile harufu akadhani ndiyo pumzi ya ndizi inatoka, anapona.

Kaka yangu akanirudishia kijaluba. Ndani kulikuwa na bomba la kioo, chupa moja ambayo haijafunguliwa, na barua yangu imekunjwa mara nne.

Yule dada alirudi kama alivyoahidi. Alikuja Alhamisi, mikononi ameshika karatasi zilizopigwa chapa, kazi yake imekwisha, anataka kunionyesha mahali alipoandika habari za chumba changu. "Shikamoo, mwalimu."

Nikamwambia, "Usiniite hivyo. Kaa."

Nikamweleza kila kitu, bila kuruka. Alivua miwani, akaishika mapajani. Maji ya chai yalikuwa yamechemka mpaka yakakauka, nikaiepua sufuria tupu.

"Mama," akasema, "ile hewa inazungumza na mimea tu. Kwa mtu haina la kusema. Wewe umeivuta miaka mingapi? Wanao wa kiume je? Mwanao hakuongezewa kitu na ndizi. Alipungukiwa kitu mwilini mwake, na ile chupa ndiyo ilikuwa inakirudisha."

"Mtoto aliniambia hayo mwenyewe," nikasema. "Kwa maneno yake."

"Ungeniuliza. Nilikuwa hapahapa."

"Ningekuuliza vipi? Ulikuja kujifunza kwangu."

Akaanza kulia. Akasema na yeye ana makosa, aliingia chumbani humo wiki zote zile, akapima joto, akahesabu magunia, wala hakuuliza kile kitanda ni cha nani. Sikumbembeleza, lakini sikumfukuza. Kila mmoja alikuwa na swali lake ambalo hakuliuliza, na la kwangu lilikuwa kubwa kuliko lake.

Alipoondoka aliacha zile karatasi. Bado ninazo, pamoja na barua, ndani ya kijaluba. Ndizi niliendelea kuvundika, maana watoto wawili walikuwa wanakula. Lakini tangu mtoto asafiri mlango wa chumba kile nilikuwa naufungua mimi peke yangu, na wavulana niliwakataza hata kuchungulia. Walipita mbali nao, mkubwa na mdogo, kama kwamba ndani kuna nyoka. Na kitanda kilikuwa bado ukumbini, kimesimamishwa ukutani, kila mtu anakizunguka na hakuna anayekitaja.

Jioni ile, mume wangu alipokwisha kunawa, niliwaita wote uani. Nikafungua mlango wa chumba cha ndizi, nikauwekea jiwe usijifunge. Nikawaambia: "Kirudisheni kitanda chake humu ndani, palepale kilipokuwa, na kuanzia leo mkubwa wenu atalala juu yake. Na mwenye kutaka kujua kwa nini, asikae na swali moyoni. Aje aniulize."