Mgeni Hatoki Kama Mwizi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile asubuhi niliyotoroka nyumba iliyonilisha wiki nzima. Nilikuwa kijana, utingo wa lori, na lori letu lilikuwa limetuharibikia Bukavu, kule Kongo. Dereva alilala garini kulinda mzigo. Mimi nilichukuliwa na mjane mmoja, Mama Nzigire, aliyeuza sambaza kando ya barabara, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu. Hakuniuliza kabila wala dini. Aliuliza kama nimekula.

Kwake tulikula sahani moja, ugali wa muhogo na sombe, kisamvu chao, iliyopikwa kwa mawese. Ukisema umeshiba mapema, mwenyeji anajiuliza amekukosea nini. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi naongeza, ukienda kwa wenye sombe, legeza mkanda.

Lori lilipopona, niliona unga wa mama umebaki kidogo sana. Nikawaza kwamba nikiaga, atapika tena. Basi nikatoka alfajiri, viatu mkononi, nikidhani ndiyo heshima.

Sijafika mbali nikasikia kandambili nyuma yangu. Alikuwa yeye, kitenge amekifunga ovyo, na furushi la chakula katika majani ya mgomba.

"Wee mwana, unatoka mu nyumba yangu sawa mwizi? Majirani watasema nilikunyima bugali."

Nikaanza kujieleza habari za unga. Akanikata kauli. "Unga ni yangu. Mugeni tunamusindikizaka."

Akatembea nami hadi kwenye lori, akinisimulia bei ya samaki na maumivu ya goti lake. Tulipoondoka, alibaki amesimama palepale. Nilimwahidi kurudi, nisirudi. Kwanza kazi, kisha vita, kisha Dubai hii. Sijui hata kama yu hai. Nikipika sombe hapa mtaani Karama, ile ya kugandishwa, naitafuta ladha yake siipati, na najua kisichokuwepo si mawese. Nimemkumbuka sana yule mama.

Mwezi uliopita Wafula wa kitanda cha juu chumbani mwetu alirudi Kenya kabisa. Ulimwambia safari njema, macho kwenye simu. Sikulaumu, zamu zenu zinachosha. Lakini nilimwona mlangoni akigeuka kututazama, na sanduku lake amelishika. Nikavaa viatu nikamfuata hadi kituo cha metro. Alilia kidogo, nami nikajifanya natazama ramani.

Ijumaa ni zamu yangu ya kurudi kwetu. Mkataba umekwisha, khalas. Jana uliniambia, "Mzee, si uite teksi tu?" Ulisema kwa wema, najua. Nami niliondoka kwa Mama Nzigire kwa wema uleule.

Basi shika haya. Ukipewa chakula ugenini, kula. Usitoke kwa mtu bila kumuaga, hata ukijiona mzigo. Na mtu akitoka kwako, mpeleke hatua kadhaa. Milima haikutani, binadamu hukutana, ni kweli. Ila mimi na yule mama hatukukutana tena, na nilichobaki nacho ni kipande kile cha njia tuliyotembea pamoja.

Mungu akupe riziki isiyo na masimango. Akufikishe kwenu ukiwa mzima, umkute mama yako jikoni. Na popote utakapotoka, usikose wa kukushikia begi.

Ijumaa asubuhi nitakuwa hapo mlangoni. Viatu nitavaa polepole.